Tabora kwa siku mbili: mji mkuu uliojengwa kwa udongo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunatoka Morogoro kwenda Kigoma kwa treni mwezi wa Agosti, na nimemshawishi tushuke Tabora tukae siku mbili. Nilisoma kwamba Tabora iliwahi kuwa makao makuu ya serikali ya Wajerumani, nikajua lazima kuna cha kutazama. Mume wangu ni mzaliwa wa Nzega. Yeye anasema Tabora hakuna kitu ila miembe na vumbi, na Livingstone tutamkuta Ujiji. Nani ana haki kati yetu? Na tukishuka, tuanzie wapi?"

Marahaba dada yangu. Shemeji ana haki nusu. Miembe ipo, na vumbi la Agosti mtalila. Maembe yenyewe hamtayaonja, maana mwezi huo miti ndiyo kwanza inachanua. Wewe una haki zaidi yake, ila umeingilia mlango wa nyuma. Serikali ya Wajerumani ilikaa hapa miezi michache tu ya mwaka 1916, tena ilikuwa inakimbia vita. Kabla ya hapo Tabora ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, nchi ya Kinyamwezi iliyouzunguka mji huu, na kitovu cha misafara ya bara yote, na baada ya hapo TANU ilikuja kuamulia hapa jambo kubwa. Kila mara kiti cha madaraka kilikaa upande mwingine wa mji. Mkija kutafuta kasri moja katikati, kama mnavyotafuta ngome pale Mji Mkongwe, mtazunguka hadi jioni na shemeji atapata ushindi wa bure.

Kuna na suala la udongo. Watemi, wafanyabiashara wa Kiarabu na matajiri wa Kinyamwezi wote walijenga matembe: nyumba ndefu zilizozunguka ua, kuta nene za udongo, paa bapa la magogo lililoshindiliwa udongo juu. Ni nyumba nzuri kwa joto la huku na ngumu kwa risasi, lakini tembe lisipokandikwa, mvua za misimu michache hulimaliza. Kwa hiyo mji uliokuwa maarufu hata London katika karne ya 19 haukuacha magofu. Kinachosimama leo ni kazi ya Wajerumani, ya reli, ya wamisionari na ya shule. Hata tembe la Kwihara, makumbusho ya Livingstone nje kidogo ya mji, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ndilo jengo kongwe kuliko yote hapa, lilijengwa upya mwaka 1957. Stesheni mtakayoshukia ni kongwe kuliko hilo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu mahali, unahusu mtu. Kabla hamjapanga ratiba, tafuteni mtu wa kuwaonyesha. Pitieni ofisi ya utamaduni ya manispaa, au mwombeni mhudumu wa Kwihara awaelekeze kwa mzee anayejua habari za Unyanyembe. Dereva wa bodaboda atawafikisha popote, lakini mkifika ataegemea pikipiki na kuwasubiri. Mzee akikubali kutembea nanyi, pataneni naye mapema kitu cha kumshukuru, msimfanye aombe mwisho wa safari. Mkimwamkia asubuhi kwa "mwangaluka", mazungumzo yataanza vizuri, na hapo shemeji wa Nzega atakuwa na faida.

Siku ya kwanza nendeni Kwihara, na mwende asubuhi. Ni kama kilomita sita kusini magharibi mwa mji, bajaji inafika. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, ila siku hizi malipo ya serikali hupitia namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo hakikisheni simu ina chaji na salio. Mtakuta jengo jekundu la udongo lenye paa bapa, ua wa ndani, mlango wa nakshi, na vyumba vyenye nakala za barua, ramani na picha. Mtu mwenye haraka huzunguka kote kwa dakika ishirini. Msiwe na haraka. Keti barazani kwanza, mkumbuke yaliyopita pale.

Stanley, mwandishi wa gazeti, alifika Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi, akapewa nyumba Kwihara. Njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa amechoka kuona bidhaa zinapita nchini kwake na faida inabaki kwa Waarabu. Agosti mwaka huo Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga. Walilichukua boma la Wilyankuru, lakini wakati wa kurudi watu wa Mirambo wakawavizia na kuwatawanya. Siku chache baadaye Mirambo akaja mwenyewe, akauchoma mji wa Tabora, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Pale Kwihara Stanley alitoboa kuta za tembe ili bunduki zipenye, akakaa anasubiri kushambuliwa. Mirambo hakufika. Mwezi Septemba Stanley akaondoka kwa kuzunguka kusini, mbali kabisa na Urambo, na Novemba akafika Ujiji. Ukisimama ndani ya kuta zile nene, hata kama ni za kujengwa upya, utaelewa kwa nini mtu alijiona salama humo.

Alirudi Februari 1872 akiwa na Livingstone. Hilo shemeji huenda hakuambiwa: wazungu wale wawili walikaa Kwihara pamoja wiki kadhaa. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki peke yake akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Alisubiri miezi mitano. Wapagazi 57 walipofika, aliondoka tarehe 25 Agosti 1872, mwezi uleule mtakaokuja ninyi, na hakurudi akiwa hai.

Waongozaji wengi huishia hapo. Mimi naona sehemu yenye uzito zaidi ndiyo inaanza. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa mtemi Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Watu wake, wakiwamo Susi na Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Oktoba wakafika Unyanyembe. Hapo wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapahapa, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Waliajiriwa kumhudumia mtu huyo, na waliamua wenyewe kwamba atazikwa kwao Uingereza. Wakaufikisha mwili Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Muulizeni mhudumu habari za Susi na Chuma kabla hajaanza habari za Livingstone, mtaona anavyochangamka.

Na msiyaache mengine ya mahali hapo kwa sababu hayapendezi. Misafara iliyopita hapa ilibeba pembe za ndovu na ilifunga watu minyororo. Tabora ndipo njia zilipogawanyika: magharibi kwenda Ujiji na Kongo, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini kwenda Ufipa. Mwendo wa kutoka Bagamoyo hadi hapa ulikuwa kama miezi mitatu kwa miguu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mji wakiuita Kazeh, walipokewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, na Speke akaondokea hapa mwaka 1858 kwenda kuliona ziwa ambalo yeye aliliita Victoria. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira, watu wenye sifa ya kazi hiyo hadi pwani. Watumwa walikuwa safari nyingine, ingawa njia ni hiyohiyo. Mwongozaji akiwachanganyia hayo mawili, mwombeni ayatenganishe.

Mchana, baada ya kula, fuateni upande wa watemi. Hapa hakuna tiketi wala kibao, na ndipo yule mzee anapolipa gharama yake. Makao ya mtemi wa Unyanyembe wakati wa Stanley yaliitwa Kwikuru, jirani na Kwihara. Waarabu walikuwa wageni wa mtemi kwa sheria, lakini walianza kumchagulia nani akae kitini. Mtemi Fundikira alipokufa mwaka 1858 akarithiwa na Mnywa Sele, ambaye alitaka walipe ushuru wa biashara yao. Wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Na wala si kwamba pande hizo mbili ziliishi mbalimbali: baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Siasa za ukoo na siasa za meno ya tembo zilikaa nyumba moja.

Baada ya Mkasiwa, mwaka 1876, akaja Isike. Huyu ndiye ambaye watu wa Tabora hawamsahau. Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alipandisha bendera ya Wajerumani hapa mwaka 1890, lakini Isike hakuwa mtu wa kukubali bendera ya mgeni. Aliyazuia majeshi yao zaidi ya mara moja mwaka 1892, akiwa ndani ya ngome yake kubwa. Januari 1893 Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani, akaivamia. Isike alipoona adui ameingia akalilipua ghala la baruti akiwa ndani. Masimulizi mengine yanaongeza kwamba Wajerumani walimtoa angali anapumua wakamtundika. Msitarajie kuona ngome. Mtaonyeshwa ardhi, miti na nyumba za watu. Wageni wengine hukasirika hapo, wanasema wamepotezewa muda. Kama ninyi ni wa namna hiyo, ruka sehemu hii, nisije nikalaumiwa.

Itetemia ni makao ya watemi haohao katika karne ya 20. Abdallah Fundikira, mtemi wa mwisho kabla utawala wa machifu haujafutwa, alikuwa pia waziri wa sheria baada ya uhuru, na alisoma hapahapa Tabora. Lakini kwa familia za watemi hapo ni nyumbani. Msiende bila kutumiwa salamu mbele, na kamera ibaki mkobani hadi mwenyeji aseme.

Siku ya pili ni ya mjini kwa miguu, na ndipo 1916 yako inapoingia. Anzeni stesheni. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma wala Mwanza kwa treni bila kupita hapa. Boma la Wajerumani liko kilimani, linaonekana vizuri kutoka barabarani. Lipo mikononi mwa jeshi. Litazameni kwa mbali na endeleeni na safari: picha hairuhusiwi, na kusimama muda mrefu ukilikodolea macho si busara. Kwa kweli hamkosi kitu kikubwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana Wajerumani kutoka kaskazini, Gavana Schnee na maofisa wake walihamishia serikali huku ndani. Pwani ilikuwa imezingirwa na meli za Waingereza, fedha kutoka Berlin haziji, na askari na wapagazi walitaka malipo. Ndipo Tabora ikatengeneza sarafu zake. Maganda ya risasi na shaba nyingine yaliyeyushwa yakawa hela tano na hela ishirini, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, ikapigwa kwenye karakana ya reli kuwa rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu. Wakusanyaji wa sarafu duniani huzinunua kwa bei ya kutisha, na kwa sababu hiyohiyo, kijana akikuita pembeni sokoni akufungulie kitambaa chenye "rupia ya tembo", mshukuru na uondoke. Ama ni ya bandia, ama ina kesi.

Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililojaa askari Wakongo, lilipigana vikali karibu na mji, hasa Lulanguru na Itaga. Tarehe 19 likaingia Tabora, na makao makuu yakafa hivyo. Mbelgiji aliyeliongoza, Tombeur, alipewa ubaroni wa Tabora, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora hadi leo. Hapa kwetu waulize vijana kumi habari za Tombeur, tisa watadhani ni mchezaji mpya wa Simba.

Kutoka hapo nendeni kwenye shule. Tabora Wavulana ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1920 na Waingereza kwa ajili ya watoto wa machifu, na Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937. Ni shule inayofanya kazi, kwa hiyo andikeni barua fupi au mpitie kwa mkuu wa shule mapema. Agosti tahadharini na likizo, mnaweza kukuta mlinzi peke yake. Alipotoka Makerere, Nyerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya Wakatoliki, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Watu humhesabu Mwalimu kuwa wa Butiama na wa Magomeni, lakini siasa aliionja hapa pia, katika tawi la TAA, chama kilichozaa TANU.

Na ni hapahapa, Januari 1958, TANU ilifanya mkutano uliokaribia kuivunja. Serikali ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wengi waliona ni matusi na walitaka kuususia. Nyerere alibishana nao mpaka wakakubali kuingia. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake, ANC. TANU ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na mkutano ule ukabaki unaitwa Uamuzi wa Busara. Ulizeni ukumbi wa parokia uliofanyikia. Ni ukumbi wa kawaida, utaupita bila kugeuka kama hukuambiwa. Kwangu mimi hicho ndicho kituo cha pili kwa uzito baada ya Kwihara, na kama mna nusu siku tu, chukueni hivyo viwili mwache vingine vyote.

Saa za mchana kali zitumieni sokoni. Agosti mtapata asali nzuri ya nyuki wa miombo, karanga, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vya kutafuna safarini. Mkipata mama lishe anayepika nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa) za karanga, agizeni hizo na ugali, msihangaike na chipsi. Uyoga wa porini ni wa wakati wa mvua, kwa hiyo huo uacheni kwa safari nyingine. Jua ni kali lakini usiku wa Agosti una baridi, bebeni sweta.

Sasa kwa shemeji na Ujiji yake. Ujiji nendeni, ni jirani tu na mji wa Kigoma, na mnara wa kukutana kwa Stanley na Livingstone upo chini ya miembe. Lakini pale ni mahali pa salamu za siku moja. Ya kabla yake na ya baada yake yalitokea Kwihara, kwa hiyo mkianza Tabora mtafika Ujiji mkijua kwa nini Stanley alichelewa. Tena mtapita alikoshindwa kupita yeye: treni ya Kigoma inakwenda moja kwa moja magharibi kupitia Urambo, kilomita 90 hivi kutoka Tabora, katikati kabisa ya nchi ya Mirambo. Kama ni mchana, mwambie shemeji akae dirishani.

Jambo moja la tiketi. Treni itakayowachukua Tabora inatoka Dar es Salaam na mara nyingi huwa imejaa, kwa hiyo mkiwa bado Morogoro kateni tiketi za vipande viwili, Morogoro hadi Tabora na Tabora hadi Kigoma, na muulize siku za safari kabla ya kulipia chumba cha kulala wageni, maana treni haiji kila siku na siku mbili zinaweza kugeuka tatu. Asali inunueni siku ya kuondoka, kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, na isimamisheni wima.